Vita Vilivyobaki Nyumbani: Sanaa na Kumbukumbu za Ukoo

Mtu atakaye kujua habari za vita vilivyopiganwa katika nchi yetu aghalabu huelekezwa kwenye vitabu vya historia. Humo atakuta majina ya majemadari, tarehe za mapigano, na hesabu ya bunduki zilizotekwa. Vitabu hivyo vina thamani kubwa, na mwalimu asiyevitumia huwapunja wanafunzi wake. Lakini iko ghala nyingine ya habari za vita, nayo ni nyumba zetu wenyewe. Humo mna majina tuliyorithi, mna miiko tunayoishika bila kujua chanzo chake, mna vitu vikuukuu ambavyo hakuna anayeruhusiwa kuvitupa, na mna wazee ambao hunyamaza ghafla mazungumzo yanapofika mahali fulani. Katika makala haya tunapenda kueleza jinsi sanaa ya siku hizi inavyoingia katika ghala hiyo, manufaa yanayopatikana kwa kufanya hivyo, na tahadhari ambayo msanii, mwalimu na mwanafunzi hawana budi kuwa nayo.

Mawazo haya tumeyapata Makongolosi, katika Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya, ambako tumefundisha kwa miaka kadhaa. Mji huu uko kilomita zipatazo 40 kutoka Chunya, katika eneo la dhahabu la Lupa. Tangu dhahabu ilipoanza kuchimbwa huko kwa wingi katika miaka ya 1920 na 1930, watu wa pande nyingi wamekuja kutafuta riziki. Wakimbu, Wabungu na Waguruka wamewapokea Wasafwa, Wanyakyusa, Wanyiha, Wahehe, Wabena na Wangoni, na baadaye Wasukuma pamoja na ng'ombe wao. Kila aliyefika alikuja na sururu na karai, na pia alikuja na habari za kwao. Kwa hiyo darasa moja la Makongolosi lina kumbukumbu za vita vingi kuliko mtu awezavyo kudhani akiutazama mji huu wa vumbi na machimbo.

Mwanafunzi atokaye Iringa amesikia nyumbani habari za Mtwa Mkwawa: jinsi Wahehe walivyolishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, jinsi ngome ya Kalenga ilivyoanguka mwishoni mwa Oktoba 1894, na jinsi Mkwawa alivyojiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Mwanafunzi ambaye wazazi wake walitoka Ungoni amesikia habari za Majimaji, vita vya miaka ya 1905 hadi 1907, na njaa iliyowafuata watu baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Na wale ambao jadi yao iko hapa hapa, kati ya Ziwa Rukwa na nyika za kaskazini, wana kumbukumbu ya vita ambavyo havikuwa vyao hata kidogo.

Hivyo ni Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yakiongozwa na Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia, yakapigana Malangali mwezi Julai, na mwezi Agosti yakauteka mji wa Iringa. Mwanzoni mwa 1917 kikosi kimoja cha Wajerumani chini ya Max Wintgens kilijitenga na jeshi lao kuu, kikashika njia ya kaskazini kupitia pande za Rukwa na Ukimbu kuelekea Tabora, huku kikifuatwa nyuma na adui. Majeshi yote mawili yalikula chakula cha wenyeji, na yote mawili yalihitaji watu wa kubeba mizigo. Malori yalikuwa haba, wanyama wa kubeba walikufa kwa mbung'o, na kwa hiyo risasi, unga na mizinga vilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Kwa upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi wao kwa maradhi, uchovu na njaa. Jina la Kariakoo, mahali wanapopajua hata watoto wadogo wa Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Ukoo wetu ulimtoa mmoja wa watu hao. Kaka yake babu yetu alichukuliwa katika milima ya Usafwa mwaka 1917, akiwa kijana ambaye mahari yake ilikwisha anza kutolewa. Hakurudi, wala haikuletwa habari yoyote ya mahali alipofia. Hatuna picha yake, hatuna kaburi lake. Tulicho nacho ni jina, ambalo amepewa kaka yetu mkubwa, pamoja na desturi moja. Nyumbani kwetu mgeni akifika na mzigo, hata ukiwa kikapu kidogo, hupokelewa mzigo kwanza, akautua, ndipo husalimiwa. Majirani walituona watu wa ajabu, maana kwao salamu hutangulia. Sisi wenyewe tuliishika desturi hiyo tangu utotoni kama tulivyoshika adabu nyingine. Tulikwisha kuwa watu wazima bibi alipotueleza kwamba mama yake yule kijana ndiye aliyeianzisha. Kila mtu aliyepita mlangoni pake na mzigo alimtua, kwa kuwa hakujua kama yuko mtu aliyemtua mwanawe.

Hatukuisimulia habari hii kwa kudhani kwamba ukoo wetu umeteswa kuliko koo nyingine. Tumeisimulia kwa sababu inaonyesha kitu ambacho nyaraka za serikali haziwezi kukihifadhi. Katikati ya jiji la Dar es Salaam ipo Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, yenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili ya kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika. Lakini hakuna jina la mtu hata mmoja kati yao. Mwezi Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya nchi za Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Iliwachukua zaidi ya miaka 100 kusema jambo ambalo mama mmoja wa Usafwa alikuwa akilisema kila siku mlangoni pake kwa mikono miwili.

Basi sanaa ina kazi gani hapa? Ni vema tuanze na waliotutangulia. Baada ya Uhuru, wasanii wetu waliona haja ya kuliambia taifa changa kwamba babu zetu hawakuukubali ukoloni kwa kukunja mikono. Ebrahim Hussein alitoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, akaonyesha nguvu na mashaka ya kiongozi wa Majimaji. M. M. Mulokozi alitoa Mukwava wa Uhehe mwaka 1979. Tamthilia hizo zimefundishwa na kuigizwa shuleni, nazo zimefanya kazi njema: zimewatoa mashujaa katika kabila moja na kuwafanya mali ya taifa zima. Kwa upande wa uchongaji, Wamakonde walioikimbia nchi yao ya Msumbiji walituletea vinyago vya ujamaa, ambavyo ndani ya gogo moja la mpingo watu wa vizazi vingi hubebana na kushikana. Atazamaye kinyago kama hicho huona ukoo mzima, wazima kwa wafu, ukisimama kwa nguvu ya yule aliye chini.

Sanaa ya miaka ya karibuni haikuyaacha mambo hayo, lakini imelisogeza jicho lake. Imetoka kwa shujaa aliye mbele ya jeshi, imekwenda kwa dada aliyebaki nyumbani akingoja. Mfano ulio wazi ni riwaya ya Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, iliyotolewa mwaka 2020, mwaka mmoja kabla ya mwandishi huyo kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Humo kijana anakwenda kupigana katika jeshi la Wajerumani, harudi, na dada yake anampa mwanawe jina la mjomba aliyepotea. Mtoto anakua akiwa amebeba jina la mtu asiye na kaburi, na mwishowe ni yeye anayekwenda kutafuta ukweli katika nyaraka za Ujerumani. Tulipoisoma riwaya hiyo tulimwazia kaka yetu mkubwa, ambaye naye kwa maisha yake yote ameitwa kwa jina la kijana wa 1917.

Mfano wa pili ni filamu ya The Empty Grave, yaani kaburi tupu, iliyotengenezwa na Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay, ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Berlin mwezi Februari 2024. Filamu hiyo inafuatana na familia mbili za Tanzania zinazotafuta mabaki ya wazee wao yaliyopelekwa Ujerumani wakati wa ukoloni. Mojawapo ni familia ya Mbano ya Songea, ambayo mzee wao, Nduna Songea Mbano, alinyongwa mwaka 1906. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha kwa yale waliyotendewa watu wetu. Msamaha huo ni jambo la mataifa mawili. Filamu, kwa upande wake, imeonyesha kwamba hili pia ni jambo la vitukuu ambao hawajaweza kumzika baba wa babu yao. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalielewa vizuri, kwani fuvu la Mkwawa lilitajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, na bado lilichukua miaka mingi kurudi. Lilirudishwa mwaka 1954 na kupokelewa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Leo liko katika makumbusho ya Kalenga, na kila mwanafunzi anaweza kwenda kuliona.

Mfano wa tatu unatoka nje ya Afrika Mashariki, lakini unahusu watu wetu. Mwaka 1918 vita vilikwisha; mwaka 2018, miaka 100 baadaye, msanii William Kentridge wa Afrika Kusini alionyesha mjini London mchezo wa The Head & the Load, wenye muziki, ngoma na vivuli, unaohusu wapagazi wa Kiafrika. Vivuli vya watu waliobeba mizigo hupita ukutani mmoja baada ya mwingine, vikubwa kuliko watu wenyewe. Hapo ndipo tunapoona uwezo wa sanaa. Hesabu ya 90,000 huingia akilini ikatoka. Kivuli kimoja kilichoinama chini ya mzigo, kikifuatwa na kingine, na kingine, humlazimisha mtazamaji kuuliza kila mmoja alikuwa mwana wa nani.

Huenda mwalimu akasema kwamba mambo hayo ni ya London na Berlin, ambako kuna majumba ya maonyesho na fedha. Sisi tumeyajaribu Makongolosi kwa mkaa, udongo mwekundu na karatasi za mifuko ya saruji. Tuliwaomba wanafunzi wa kidato cha tatu waulize nyumbani habari moja tu ya vita, kisha waichore au waifinyange, bila kuchora bunduki. Sharti hilo liliwasumbua mwanzoni, kwa sababu wengi walidhani vita ni bunduki. Walipoulizana na wazee wao wakarudi na vitu vingine: chungu kilichozikwa shambani ili askari wasikione, mtoto aliyefichwa ndani ya kihenge, mstari wa wanawake wakienda kuchimba mizizi wakati wa njaa.

Kijana mmoja alileta sura ya mtu aliyevaa kofia ya askari wa Kijerumani. Alikuwa babu wa babu yake. Wenzake wakaanza kumwita kibaraka. Ilitubidi tulisimamishe somo na kulizungumza jambo hilo kwa kirefu, maana ni kweli kwamba majeshi ya mkoloni yalijaa Waafrika, na ni kweli pia kwamba wengine walilazimishwa, wengine walifuata mshahara, na wengine walikuwa na visasi vya zamani dhidi ya majirani zao. Ukoo wenye shujaa husema kwa sauti; ukoo wenye askari wa mkoloni hunong'ona. Historia ya taifa iliyojengwa kwa sauti za ukoo wa kwanza peke yake itakuwa na ufa. Yule kijana hakuiondoa kazi yake. Aliirudia, akamchora mtu yule yule akiwa mzee, amekaa peke yake kwenye kigoda, kofia iko chini miguuni pake. Hakuna aliyecheka tena.

Kazi iliyotufundisha zaidi ni ile ambayo haikuonyeshwa. Msichana mmoja ana babu aliyepigana katika vita vya Kagera, vita vilivyoanza baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia nchi yetu mwishoni mwa Oktoba 1978, na ambavyo vilitufikisha Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Makongolosi ni mji wa machimbo, na baruti hulipuka mara kwa mara. Kila inapolipuka mzee huyo huweka kiganja chake ukutani na kusimama kimya mpaka mtikisiko uishe. Mjukuu wake alichora ukuta wa matofali na kiganja kimoja, basi. Ilikuwa kazi nzuri kupita zote. Kwa kuwa ilihusu mtu aliye hai, tulimtuma akaombe ruhusa nyumbani, na jibu likaja kwamba haitundikwi. Mzee alisema jambo lile ni lake na wenzake aliowaacha kule.

Haikutundikwa. Siku ya maonyesho mzee alikuja mwenyewe, tukampa kiti, akaomba kuiona picha faraghani. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba mchoraji amekosea hesabu, kwa sababu katika handaki walikuwa wawili, na kila bomu lilipoanguka waliegemea ukuta wa udongo kwa pamoja. Akalitaja jina la mwenzake, akamwambia mjukuu aliandike nyuma ya karatasi. Halafu akaikunja picha vizuri, akaiweka chini ya kwapa, akaenda nayo nyumbani. Watazamaji wa siku ile hawakuiona, na hatudhani kwamba taifa limepoteza kitu. Jina ambalo kwa zaidi ya miaka 40 lilikaa katika kifua cha mtu mmoja sasa linajulikana na wawili, na mmoja wao ana umri wa miaka 16.

Kutokana na mambo hayo tumejifunza kwamba kumbukumbu ya vita katika familia ina mwenyewe. Msanii anayeichukua bila idhini huwa hana tofauti kubwa na wale waliobeba mafuvu ya wazee wetu kwenda kuyaweka makabatini. Tumejifunza pia kwamba sanaa si kisingizio cha kutojali ukweli. Mwanafunzi anaweza kubuni rangi ya ukuta, lakini hana ruhusa ya kumzulia babu yake ushujaa ambao hakuufanya, wala kuchochea chuki kati ya makabila ambayo yalipigana zamani na leo yanaoana na kuchimba dhahabu katika shimo moja. Mwaka 1962 serikali yetu iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana kwa imani kwamba taifa lisilo na utamaduni wake halina roho. Roho hiyo haiwezi kuwa ya kujisifu tu. Hubeba na majonzi.

Kwa walimu wenzetu tuna maombi machache. Wapelekeni wanafunzi Kalenga, Makumbusho ya Boma mjini Iringa, na Makumbusho ya Majimaji huko Songea, palipo karibu nanyi. Kabla ya safari waulizeni wanayoyajua kutoka nyumbani, ili wafikapo huko wawe na la kuulinganisha na vioo vya makumbusho. Tumieni ngonjera, maigizo, udongo na mkaa, msingoje fedha. Mzee akikataa kusema, muacheni. Akisema, andikeni jina lake, mahali, na mwaka, kwa maana kumbukumbu isiyo na jina hugeuka hadithi upesi.

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 alipokwenda Kagera sasa amekwisha pita miaka 65. Wale waliowasikia kwa masikio yao wapagazi wa 1917 wakisimulia wamebaki wachache mno, nao ni wazee sana. Shule zetu hufunga mara mbili kwa mwaka, na wanafunzi hurudi makwao. Likizo ijayo kila mmoja akae na mzee wake jioni moja, amuulize ni nani katika ukoo aliyekwenda vitani, na kama alirudi.